Kubaki, Kanada au Kurudi Tanga: Hesabu ya Ndugu Wawili Wasio na Karatasi

Watu wa Tanga tuna msemo wa mji: waja leo waondoka leo. Kwa wapwa zangu wawili walioko Marekani msemo huo hausemeki. Hawana karatasi, na wakija leo hawaondoki leo. Bibi yao alipofariki tulianua matanga bila wao. Walifuata maziko kwenye simu niliyoishika mimi pale makaburini, chaji ikiwa asilimia tisa, huku nikiomba kimoyomoyo shehe afupishe dua kabla haijazima.

Tangu siku ile, tukipigiana simu, swali ni lilelile. Wabaki hukohuko, wahamie Kanada kama wafanyakazi wenye ujuzi, au warudi nyumbani? Mimi si mwanasheria. Nina kiduka cha kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti Ngamiani, na kwa miaka sasa akina mama huniletea vyeti vya watoto wao walioko ng'ambo niviskani na kuvituma. Barua nyingi za uhamiaji nimezisoma kwa sababu wenyewe huniomba niwasomee. Haya ninayoyalinganisha hapa nimeyapitia na wapwa zangu mstari kwa mstari, na mwanasheria wa huko ameyatazama mafaili yao. Kama una kijana wa namna hii, mwangalie anafanana na yupi kati ya hawa wawili, maana majibu yao hayafanani hata kidogo.

Tumbo moja, mafaili mawili

Dada yangu alitangulia na binti mwaka 2006, binti akiwa na miaka 8. Mdogo wake wa kiume alibaki na bibi hapa Ngamiani, akapelekwa 2009 akiwa na miaka 9. Wote waliingia California kwa viza ya matembezi, viza zikaisha, wakabaki. Shule walisoma bila tabu, kwa kuwa Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tangu 1982 kwamba shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto eti hana karatasi. Chuoni nako jimbo la California lina sheria ya mwaka 2001 inayomruhusu aliyesoma sekondari za huko kulipa ada ya mkaazi.

Kilichowatenganisha ni tarehe. Mnamo 15 Juni 2012 serikali ya Obama ilitangaza mpango wa DACA, kinga ya muda dhidi ya kufukuzwa pamoja na kibali cha kazi, kwa walioletwa Marekani wakiwa watoto. Sharti mojawapo lilikuwa uwe umeishi huko mfululizo tangu 15 Juni 2007. Binti alikuwa ameingia mwaka mmoja kabla ya tarehe hiyo. Akapata DACA alipofika miaka 15, akasomea shahada ya uuguzi, na leo ana miaka 27, anafanya kazi hospitali kwa jina lake mwenyewe. Mdogo wake alichelewa miaka miwili. Hana DACA na hajawahi kuwa nayo. Alisoma stashahada ya miaka miwili ya umeme, na kwa miaka minne amejiajiri kama fundi umeme wa majumbani, analipa kodi kwa namba ya mlipakodi ambayo serikali ya huko humpa hata asiye na karatasi. Ana miaka 25.

Dada yangu hupenda kusema alimchelewesha mwanawe kwa sababu ya nauli. Huwa namwambia aache, mwaka 2009 hakuna aliyejua.

Siku kwanza, pointi baadaye

Vijana wengi wakisikia Kanada hukimbilia kuhesabu pointi. Mimi nasema waanze na hesabu nyingine, ile ya siku walizokaa Marekani bila ruhusa, kwa sababu ndiyo inayoamua kama mlango watakaoutoka utafungwa nyuma yao.

Sheria ya Marekani ya 1996 inasema hivi. Ukikaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, kisha ukatoka, huruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Ukikaa mwaka mmoja au zaidi, ni miaka 10. Angalia neno "ukatoka". Adhabu inakusubiri pale mlangoni. Ukiwa bado ndani haikugusi. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi na mzigo huu miaka na asiujue, mpaka siku anapanda ndege kwenda kumzika bibi yake.

Siku hizo hazianzi kuhesabiwa kabla hujatimiza miaka 18. Muda ulio ndani ya DACA nao hauhesabiwi. Sasa warudie wapwa zangu. Binti alipata DACA akiwa na 15 na amekuwa akiihuisha kila miaka miwili. Kuna mara moja kuhuisha kulichelewa, akakaa siku 40 bila kibali na kazini wakamsimamisha kwa muda huo. Basi deni lake lote ni siku 40. Akitoka kesho, adhabu ya miaka 3 haimpati wala ile ya 10. Mdogo wake alitimiza 18 mwaka 2018, na tangu hapo kila siku inaandikwa. Alivuka mwaka mmoja mnamo 2019 na anaendelea. Huyu akikanyaga nje, ni miaka 10.

Na ole wake aliyevuka mwaka mmoja, akatoka, kisha akajaribu kurudi kwa njia za panya. Hapo adhabu ni ya maisha, na hata kuomba msamaha ni mpaka akae nje miaka 10 kwanza.

Kwa mzazi aliyeko Tanga, hapa ndipo pa kuuliza kabla ya kumwambia mtoto "rudi tu nyumbani baba". Alizaliwa lini, aliingia lini, ana DACA tangu lini, imewahi kukatika siku ngapi. Maswali manne, yanatosha kwenye kipande cha karatasi.

Kubaki

Kwa binti, kubaki maana yake ni kuhuisha. Ada ni dola 555 akiomba kwa mtandao, 605 akipeleka fomu za karatasi. Zaidi ya ada kuna roho juu. Mwaka 2017 serikali ya Trump ilitangaza kuufuta mpango; Mahakama ya Juu ikazuia Juni 2020 kwa kuwa utaratibu wa kuufuta haukuwa sawa. Mwaka 2021 jaji wa Texas akasema mpango wenyewe si halali, na tangu hapo waombaji wapya hawapitishwi. Wa zamani ndio wanaoendelea kuhuisha. Mtu anapanga maisha kwa vipande vya miaka miwili miwili. Benki ikimuuliza mkopo wa nyumba wa miaka 30, anacheka peke yake.

Wenye DACA wanaweza kuomba ruhusa ya kusafiri na kurudi kwa sababu za kibinadamu, masomo au kazi. Msiba wa bibi ungeingia humo. Binti alisita, mwanasheria alimwambia ruhusa haimlazimishi afisa wa uwanja wa ndege kumpokea, naye akaogopa. Simlaumu.

Kwa kijana, kubaki ni kufanya kazi huku anatazama kioo cha gari. Lakini ana kitu kimoja ambacho wengi hawajui kuwa ni mali. Aliingia kwa viza. Akakaguliwa na afisa, pasipoti ikagongwa muhuri. Mtu wa namna hiyo akioa raia wa Marekani, ndoa ya kweli, anaweza kuomba grinikadi, yaani ukaazi wa kudumu, akiwa hukohuko ndani bila kutoka, hata kama viza iliisha zamani. Aliyevuka mpaka kwa miguu bila kukaguliwa kwa kawaida hana nafasi hiyo. Itabidi atoke, na akitoka anakumbana na ile miaka 10. Dada yangu alikuwa na ile pasipoti ya mwanawe chini ya godoro na alishataka kuitupa kwa kuwa imeisha muda. Nilipiga kelele kwenye simu mpaka wateja wakageuka. Ule muhuri ndio ushahidi wa kuingia kwake.

Najua maneno ya mtaani: "Si aoe tu apate karatasi." Ndoa ya kupanga kwa ajili ya karatasi ni kosa la jinai huko, na ikigundulika inafunga kila ombi la ndoa litakalofuata, hata la mapenzi ya kweli. Mpwa wangu hana mchumba. Akimpata, na awe mchumba.

Hatari nyingine ya kubaki ni kukamatwa. Aliyeondoka kwa miguu yake na aliyeondolewa kwa amri ya jaji hawako sawa: wa pili anabeba adhabu ya ziada, na fomu za Kanada zinauliza waziwazi kama umewahi kuamriwa kuondoka nchi yoyote. Kwa kijana anayefikiria Kanada, kukawia nako kuna bei.

Kanada

Huku ndiko nilikokaa sana, kwa sababu ndiko kwenye matumaini na ndiko kwenye matapeli. Mfumo unaitwa Express Entry, ulianza Januari 2015. Kufungua wasifu ni bure. Wakala mmoja alishachukua pesa za jirani yangu kwa ajili ya "kumfungulia" kijana wake akaunti, na akaunti yenyewe ilikuwa na tarehe ya kuzaliwa isiyo yake.

Jambo la kwanza linalowashangaza watu: Kanada haiweki karatasi za Marekani kuwa sharti la kukuhesabia pointi. Ombi la ukaazi linaweza kushughulikiwa kupitia ofisi inayohudumia nchi yako ya uraia, na wapwa zangu ni Watanzania hata kama Kiswahili cha mdogo kinachechemea. Fomu itauliza una hadhi gani hapo unapoishi, na jibu ni la kweli: sina. Kusema uongo kwenye ombi la Kanada kunakufungia miaka 5. Hapa nawalenga hasa wale waliojilipua, waliowahi kujiandikisha mahali fulani kama Warundi au Wasomali kwa jina jingine. Alama za vidole hazina jina la kubuni. Huyo aanze kwa mwanasheria kabla hajagusa kompyuta.

Geti la kwanza kwa wafanyakazi wenye ujuzi ni pointi 67 kati ya 100. Nilimhesabia kijana kwenye kikaratasi cha risiti. Umri kati ya 18 na 35, pointi 12. Stashahada ya miaka miwili, 19. Kiingereza cha daraja la juu, 24. Uzoefu wa miaka minne, 13. Jumla 68. Amepita kwa pointi moja. Mwaka mmoja nyuma alikuwa na uzoefu wa miaka mitatu, ambao ni pointi 11, na jumla ingekuwa 66. Alitaka kuomba wakati ule, nikamwambia asubiri Ramadhani ipite, tena bila kujua lolote. Hiyo ndiyo busara yangu pekee katika jambo hili na ilikuwa ya bahati.

Kiingereza lazima ufanye mtihani hata kama umesoma Marekani tangu darasa la tatu. Kijana alichukia. Ameota ndoto kwa Kiingereza miaka 16, halafu anakaa chumbani na vipokea sauti masikioni kuthibitisha kwamba anakijua. Matokeo yanadumu miaka miwili tu, hivyo usiyafanye mapema mno. Vyeti vya chuo navyo vinapelekwa kwenye taasisi inayotambuliwa na Kanada vipimwe.

Uzoefu wa kazi unataka ushahidi. Binti anaandikiwa barua na hospitali yake, kazi imekwisha. Kijana aliyejiajiri inabidi akusanye ankara, taarifa za kodi, na barua za wateja zenye tarehe na maelezo ya kazi. Mwaka mmoja wa kazi kamili kwa Kanada ni saa 1,560. Kama mtoto wako analipwa pesa mkononi na hana hata ujumbe wa simu wa kuonyesha, hana uzoefu machoni pao, hata awe fundi wa kupigiwa mfano.

Ukishapita geti unaingia bwawani, yaani kwenye kundi la wanaosubiri kuitwa, mnapangwa kwa pointi nyingine ambazo mwisho wake ni 1,200. Humo umri una nguvu kubwa: kati ya 20 na 29 asiye na mwenza anapata 110, akifika 30 zinaanza kushuka, akifika 45 hana kitu. Kwa Kiingereza cha juu kabisa na uzoefu wa miaka mitatu au zaidi, binti anafika 441 na kijana 419. Kanada huita watu kwa raundi, na pointi za chini kabisa zilizoitwa ndipo raundi ilipokata. Raundi za jumla za 2024 zilikata juu ya 500. Binti ana raundi za sekta ya afya, ambazo Februari 2024 zilishuka mpaka 422, lakini 2025 zilipanda tena juu ya 460. Kwa namba hizo anabaki nje dirishani.

Kinachobadilisha hesabu ni Kifaransa. Kanada inataka wasemaji wa Kifaransa nje ya Quebec, na tangu 2023 inawafanyia raundi zao. Februari 2024 raundi mojawapo ilikata 336. Machi 2025 moja ilikata 379. Mtu akifikia daraja la 7 katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, anaongezewa pointi 62 kwa jumla: binti anakuwa 503, kijana 481, na wote wanaingia kwenye zile raundi. Daraja la 7 si la kusalimia. Ni kazi ya mwaka mmoja au zaidi ya kukaa na kitabu usiku baada ya zamu. Lakini ukiacha uteuzi wa jimbo, sijaona njia nyingine ya kupata pointi 62 bila kurudi chuo. Jimbo la Kanada likikuteua unapewa 600 kwa mpigo, ila majimbo yana masharti yao na kijana wetu hajapata linalomfaa.

Kwa upande wa uuguzi binti ana bahati. Mtihani wa leseni alioufanya Marekani ndio uleule ambao Kanada, ukiacha Quebec, inautumia tangu 2015. Usajili wa jimbo bado ataomba, lakini hatarudi kukaa kwenye chumba cha mtihani ule. Kijana atakuta kila jimbo na leseni zake za umeme, na ajiandae kuanza chini ya fundi mwingine kwa muda.

Pesa. Ada ya serikali kwa mtu mmoja ilikuwa dola za Kanada 1,525 kwa viwango vya Aprili 2024, alama za vidole 85, halafu mitihani, vipimo vya afya, upimaji wa vyeti. Hizo zinatafutika. Kinachoumiza ni akiba: lazima uonyeshe zaidi kidogo ya dola 15,000 za Kanada zilizo zako, zilizokaa benki, si mkopo wa kuazima wiki moja. Kijana ana nusu yake.

Rekodi ya polisi nayo. Kanada inataka cheti cha FBI. Kosa la kuendesha gari umelewa, ambalo majimbo mengi ya Marekani hulichukulia kama kosa dogo, kwa Kanada limekuwa uhalifu mzito tangu Desemba 2018 na linaweza kukuzuia moja kwa moja. Waambieni vijana wenu.

Wengine huuliza kwa nini wasivuke tu mpaka na kuomba ukimbizi. Kuna makubaliano kati ya nchi hizo mbili tangu 2004 kwamba anayetokea upande mmoja anarudishwa akaombe hukohuko alikotoka. Zamani waliopita vichochoroni walikwepa. Tangu 25 Machi 2023 makubaliano yanafunika mpaka wote wa nchi kavu. Ukirudishwa unakabidhiwa kwa maafisa walewale uliokuwa ukiwakimbia.

Na Kanada yenyewe imepunguza mwendo. Lengo la wakaazi wapya kwa 2025 lilishushwa kutoka 500,000 mpaka 395,000, na la 2026 likapangwa 380,000. Mlango bado upo, foleni ndiyo imebana.

Akishapata ukaazi, anaweza kuja Tanga na kurudi Kanada atakavyo, mradi akae Kanada siku 730 katika kila miaka mitano. Baada ya siku 1,095 anaweza kuomba uraia, na hapo atakutana na sheria yetu ya uraia ya 1995, ambayo haimruhusu mtu mzima kushika viwili. Hilo watalivuka wakilifikia.

Ujerumani, kwa kifupi

Kuna kijana wa Chumbageni aliyeniuliza kuhusu kadi ya fursa ya Ujerumani, iliyoanza Juni 2024, inayomruhusu mtu aende mwaka mmoja kutafuta kazi. Kwa aliyeko Tanga na cheti mkononi, ni njia ya kufikiria, na Kijerumani kinafundishwa kwenye taasisi ya Goethe pale Dar es Salaam. Kwa wasio na karatasi Marekani ina kasoro moja kubwa. Viza ya namna hiyo huombwa pale unapoishi kihalali, ambapo kwao ni Tanzania. Maana yake watoke kwanza, kijana afungiwe miaka 10, ndipo aanze kuomba Dar bila kujua atajibiwa nini. Wajerumani walituachia hospitali ya Bombo na reli. Hawa wapwa zangu sitawaambia waruke kwao wamefumba macho.

Kurudi Tanga

Jirani zangu wanadhani kurudi ni kushindwa. Mimi sioni hivyo, ila sitaki kuwadanganya watoto kuhusu wanachokuja kukikuta. Mji umebadilika. Bandari imepanuliwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 429 na kina cha gatini kimechimbwa kutoka mita 3 mpaka 13, meli kubwa zinafunga gatini badala ya kupakuliwa kwa matishari. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani, dakika chache kutoka hapa. Lakini kazi za ujenzi huisha ujenzi unapoisha, na waliokuwa na ajira pale wanalijua hilo kuliko mimi.

Binti atahitaji shahada yake itambuliwe na TCU, tume ya vyuo vikuu, kisha Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kijana atahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kufunga umeme kihalali, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina utaratibu wa kumpima fundi ujuzi alionao bila kumrudisha darasani. Hayo yanawezekana. Mshahara ndio wa kuongea kwa sauti ya chini. Binti anayepokea mshahara wa muuguzi wa California akiusikia wa Bombo atauliza kama ni wa wiki. Hapo hapo hatalipa kodi ya nyumba, maana nyumba ya bibi ipo, vyumba viwili vimefungwa, na mnazi wa uani unazaa bila kuulizwa.

Kwa kijana kurudi kuna gharama ambayo haionekani kwenye hesabu ya pesa. Mama yake atabaki Marekani, naye hana karatasi na hawezi kutoka na kurudi. Miaka 10 mama hamwoni mwana. Akienda Kanada ni vilevile: hata akiwa na pasipoti ya Kanada, ile miaka 10 ya Marekani inaendelea kumhesabia, labda aombe msamaha maalumu wa kutembelea na akubaliwe. Binti angeweza kuvuka kumsalimia mama akishakuwa raia wa Kanada. Mdogo wake angebaki upande wa pili wa mpaka akimpungia kwa simu, kama walivyofanya kwa bibi.

Ninavyowaona mimi

Binti nimemwambia Kanada, na Kifaransa kianze leo. Asiache DACA ikatike hata siku moja wakati anasubiri, na asifike miaka 30 bado anasema "mwakani". Ameshaanza masomo ya usiku. Juzi alinitumia sauti akihesabu moja mpaka ishirini, nikamwambia anasema kama mtu mwenye mafua.

Kijana ni mgumu. Sikumwambia aende wala abaki. Nilichomwambia ni mpangilio: akusanye ushahidi wa kazi, aweke akiba, afanye Kifaransa na dada yake, ajaze wasifu, na asitoke Marekani mpaka viza ya ukaazi wa Kanada iwe imegongwa kwenye pasipoti yake. Hayo yote anaweza kuyafanya akiwa ndani, na mpaka siku ya kupanda ndege hajapoteza kitu. Kati ya sasa na siku hiyo anaweza kupata mchumba, bunge lao linaweza kupitisha ile sheria ya vijana walioletwa utotoni inayopelekwa na kurudishwa tangu 2001, au anaweza kukamatwa. Alikaa kimya muda, kisha akauliza, "Na Tanga je, mjomba?" Nikamwambia Tanga haihami. Kati ya milango yote mitatu ndio pekee ambao hauna tarehe ya mwisho, kwa hiyo usitumike wa kwanza.

Sasa sisi tulioko huku tuna kazi yetu. Bila pasipoti ya Tanzania iliyo hai hakuna Kanada wala nyumbani, na pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa. Hapa ndipo mafaili mengi yanayopita dukani kwangu hukwama. Mtoto alizaliwa Bombo, tangazo la hospitali lina jina moja, cheti kina jina lake na la baba na la babu, kule Marekani la babu likafanywa jina la ukoo na la baba likapotea. Wengine kliniki waliandikwa kwa jina la kupendwa nyumbani. Kila herufi iliyotofautiana inadai kiapo cha mahakamani, na kiapo kinadai mzee aliye hai anayejua habari. Fanyeni wakati wazee wapo.

Cha kijana wetu nimekitoa sandukuni wiki iliyopita. Jina la babu limeandikwa bila H, na kwenye kila karatasi ya California lina H. Anayeweza kuapa alikuwa bibi. Amebaki mdogo wake bibi, yuko Pongwe, ana miaka themanini na ushee na masikio yake yana siku zake. Jumatatu naenda kwa mtendaji kuchukua barua, halafu nampitia na bajaji.